Laptopu ya mtumba na nyongeza za Cities: Skylines: angalia haya kabla hujalipa

Laptopu nyingi zinazochezewa Cities: Skylines, gemu ya kujenga miji, hapa Lamu na kule Malindi ni za mtumba: HP EliteBook 840 G1 au G2, ThinkPad T450, Dell Latitude za miaka hiyo hiyo. Zina prosesa ya Core i5 ya aina ya U, grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, na RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ya 4GB au 8GB. Mwenye mashine kama hiyo akitaka kununua nyongeza (DLC, sehemu za gemu zinazouzwa kando), swali lake huwa moja: itabeba au nitapoteza pesa?

Mara nyingi itabeba. Gemu hii ya Colossal Order ilitoka Machi 2015, na mashine hizo ni za umri wake. Kinachozilemea zaidi ni ukubwa wa mji wenyewe, pamoja na majengo na modi (mabadiliko ya gemu) za mashabiki zinazopakuliwa bure kutoka Workshop ya Steam, duka la gemu la mtandaoni. Nyongeza ya kununua huja nyuma ya hayo mawili. (Hapa tunasema gemu ya kwanza. Cities: Skylines II ya Oktoba 2023 inataka kadi ya grafiki ya kiwango cha GTX 970 kwa uchache, na laptopu hizi hazina. Usipoteze bando lako huko.)

Sababu iko ndani ya gemu. Imewekewa dari: magari 16,384 yanayotembea kwa wakati mmoja, na watu 65,536 walio njiani. Ukinunua nyongeza, dari hizo hazipandi. Mass Transit inakuletea feri, monoreli na magari ya kamba, lakini abiria wanaopanda ni wale wale, na wengine wameacha magari yao nyumbani, kwa hivyo wakati mwingine barabara hupata nafuu. Industries ya 2018 ndiyo ya kuitazama kwa makini. Kila shamba, msitu na mgodi hutuma malori kwenye ghala, kutoka ghala hadi kiwandani, kutoka kiwandani hadi dukani, na prosesa lazima ilitafutie kila lori njia yake. After Dark huongeza taa nyingi usiku, na hapo grafiki ndiyo inayoumia. Mzunguko wa mchana na usiku unaweza kuuzima kwenye mipangilio ya gemu. Mvua na theluji zinazokuja zenyewe nazo huzimwa hapo hapo.

Kabla ya kutoa shilingi, jua mashine yako imekwama wapi. Fungua mji wako mkubwa kuliko yote, uache uende kwa kasi ya tatu kwa dakika kumi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ya Windows ifunguke, na uende sehemu ya Performance. Ukiona Memory imepita asilimia 90 na Disk imeganda kwenye 100, RAM imekwisha na Windows inaazima nafasi kwenye diski. Sasa rudi kwenye gemu uusimamishe mji. Picha ikiendelea kukwamakwama unapozungusha kamera ilhali mji umesimama, tatizo ni grafiki. Picha ikiwa laini lakini magari yanatambaa, na ukibadilisha kasi ya pili kwa ya tatu huoni tofauti kwenye tarehe iliyo chini ya skrini, prosesa imefika mwisho wake. Dalili hii ya tatu ndiyo ambayo huwezi kuitibu kwa pesa, kwa sababu prosesa za aina ya U zimechomelewa kwenye ubao. Kwa kawaida huanza kuonekana kabla mji haujafika watu laki moja. Hapo dawa ni kuanzisha mji mwingine, na kutofungua viwanja vyote 9 kwa kuwa tu vinafunguka. Modi ya kufungua viwanja 25 achana nayo kabisa.

RAM, kinyume chake, inatibika, na ndiyo matumizi bora ya pesa kwenye mashine hizi. Kwa 8GB, gemu pamoja na nyongeza mbili tatu hucheza, mradi umefunga kivinjari. Kwa 4GB usinunue nyongeza yoyote. Nunua RAM kwanza. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kila jengo la Workshop ulilolisajili na kuliacha limewashwa hupakiwa kwenye RAM mji unapofunguka, hata kama hujalijenga popote. Majengo mia tatu ya mashabiki yatakula nafasi kuliko nyongeza zote ulizonunua. Ingia Content Manager kwenye ukurasa wa kwanza wa gemu, uzime usiyoyatumia. Ukitaka kupima gemu ikiwa tupu, fungua Steam, bonyeza kulia kwenye jina la gemu, nenda Properties, na kwenye Launch Options andika -noWorkshop -disableMods. Kama mashine inapumua hapo, umeshampata mchawi.

Unaponunua RAM, aina ni muhimu kuliko chapa. EliteBook 840 G1 na G2 na ThinkPad T450 hutumia DDR3L, ile ya volti 1.35, angalia herufi PC3L kwenye karatasi yake. Ukiuziwa PC3 ya kawaida, ya volti 1.5, kuna uwezekano mkubwa mashine isiwake. Kuanzia 840 G3 ni DDR4, na hiyo haiingii kwenye sloti ya DDR3 hata ukiisukuma, mkato wake uko mahali pengine. Nunua vipande viwili vya 8GB badala ya kimoja cha 16GB: grafiki ya Intel haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya mashine, na vipande viwili huipa njia mbili za kusoma. Tofauti hiyo utaiona kwenye picha. Angalia pia mashine yako inaruhusu nini. ThinkPad T440s ina 4GB zilizochomelewa na sloti moja tu, mwisho wake 12GB. X1 Carbon zote zimechomelewa, haziongezeki.

Kuweka ni kazi ya dakika chache. Zima, chomoa chaja, toa betri. Kifuniko cha chini cha 840 G1 na G2 hutoka kwa kusukuma kitasa, bila bisibisi. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili umeme wa mwilini utoke. Tanua vishikizo viwili vya pembeni, kipande cha zamani kitainuka chenyewe. Kabla hujaweka kipya, tazama meno ya dhahabu ya kile cha zamani: mashine iliyokaa karibu na bahari mara nyingi huwa na ukungu mweupe juu ya meno hayo, na pengine madoa ya kijani. Hiyo ni chumvi na kutu. Sugua taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, upangusie kitambaa kilicholowa kidogo spiriti ya isopropili, ungoje ikauke. Kipya kiingize kwa mshazari mpaka meno yapotee ndani, kisha kilaze mpaka vishikizo vyote viwili vilie. Kikilia kimoja tu, hakijakaa. Ukiwasha ukaona skrini nyeusi na taa ya Caps Lock inapepesa, toa urudie. Ikiwaka, andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows uache ipime RAM yako yote kabla ya kufungua gemu.

Ukibaki na pesa, weka SSD (diski ya kasi) ya SATA ya inchi 2.5, unene wa milimita 7. Mji utafunguka haraka na Windows itakapoazima nafasi mashine haitaganda vile, lakini usitarajie magari yaende kasi zaidi, hiyo si kazi yake. Na usizime nafasi hiyo ya kuazima, kama wanavyoshauri wengine. RAM ikijaa na nafasi hiyo haipo, gemu itakutupa nje bila onyo. Andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings ya Performance, Advanced tena, Virtual memory, uiache Windows iipange yenyewe.

Joto ni habari nyingine. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, na mchezaji hudhani nyongeza ndiyo imeshinda mashine. Wakati wa kaskazi, chumba cha juu chenye makuti kinachoelekea bahari kina upepo mzuri kwa mtu, ila upepo huo unaleta chumvi ndani ya feni. Chumba cha chini cha nyumba ya mawe, chenye kuta nene, kinaifaa laptopu zaidi. Iinue nyuma kwa vipande viwili vya mbao ili tundu za chini zipumue. Usiiweke kwenye godoro. Feni isafishwe mara moja kwa mwaka, na kwenye mashine ambayo haijawahi kufunguliwa ibadilishwe pia ile krimu ya kati ya prosesa na bomba la shaba, kwa maana ya miaka kumi huwa imekauka kama chokaa.

Angalia na chaja. Dell ikichomekewa chaja isiyoitambua hujifunga kwenye kasi ya chini kabisa na betri haichaji. Kwenye Performance, sehemu ya CPU, ukiona kasi imebaki chini ya 1 GHz gemu ikiwa inaenda, badilisha chaja kabla hujalaumu kingine. Betri iliyokufa nayo ni hatari: stima ikikatika katikati ya kuhifadhi, faili la mji huharibika. Washa uhifadhi wa kila baada ya dakika kadhaa, na kila wiki nakili folda ya Saves iliyomo ndani ya Colossal Order\Cities_Skylines. Utaifikia kwa kuandika %LOCALAPPDATA% kwenye kisanduku cha kutafutia.

Windows nayo iwe ya biti 64, na isiwe 7 wala 8, kwa kuwa Steam iliacha kuzihudumia Januari 1, 2024. Kuhusu bando, kama jamaa yako mtaani ana gemu hiyo hiyo, Steam inaruhusu kuihamisha kutoka mashine yake hadi yako kwa Wi-Fi moja bila kugusa intaneti kwa mafaili makubwa. Wote wawili mwende Settings, kisha Downloads, muwashe uhamishaji ndani ya mtandao na kuruhusu marafiki. Wewe lazima uwe umeinunua.

Nyongeza inunue moja kwa wakati. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14, ikiwa hujacheza gemu zaidi ya saa mbili tangu uinunue nyongeza hiyo. Nakili faili la mji kwanza, kwa sababu mji uliohifadhiwa na nyongeza unaweza kuleta matatizo ukiiondoa. Saa mbili hizo zipime kwenye mji wako mkubwa, ule ule uliouangalia kwenye Performance. Mji mpya wa watu elfu tano utakwenda laini hata kwenye mashine itakayoshindwa mwezi ujao, na wakati huo siku 14 zitakuwa zimepita.