Leza ya Ndegeni na Swali Lililonizamisha

"Kaka, wiki ijayo nawasilisha mada ya leza za kutungulia makombora. Nianzie wapi?"

Ujumbe huu wa kijana mmoja wa Ubungo umenitonesha kidonda. Mwaka wa mwisho chuoni, hapahapa Dar, niliwasilisha mada hiyohiyo. Wenzangu walikuja na pampu za maji na majiko ya sola. Mimi nikaja na Boeing 747. Sikatai, nilijiona mwamba.

Niliwapa YAL-1 yote: hiyo 747 ya mizigo ya Wamarekani iliyotiwa leza ya oksijeni na iodini, nguvu za kiwango cha megawati, mwale ukitokea puani. Mwale haulipui kombora kama kwenye sinema. Unalipasha moto ganda linapopaa, injini ikiwa bado inawaka, mpaka ganda linalegea na kupasuka kwa shinikizo lake lenyewe. Februari 2010, nje ya pwani ya California, ilitungua kombora la majaribio. Makofi! Nikanyoosha tai, ambayo hata haikuwa yangu.

Mama mmoja kwenye jopo akauliza taratibu: "Mwanangu, hiyo ndege inazunguka wapi ikilisubiri kombora?"

Ikabaki sauti ya feni.

Inauma kwa sababu jibu nilikuwa nimelisoma. Injini ya kombora huwaka dakika chache tu, hivyo ndege sharti iwe karibu. Robert Gates, waziri wa ulinzi wa Marekani wakati huo, alishasema mwaka 2009 kwamba kutungua kombora la Iran ingebidi izunguke ndani ya mipaka ya Iran kwenyewe, na kwamba kuisogeza mbali kungehitaji leza yenye nguvu mara 20 hadi 30. Jumba lile lote juu ya adui, nani angeliacha? Mradi ukafutwa 2011, na 2014 ndege ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Niliyaruka hayo kwa kuwa yalinichafulia hadithi. Alama nilizopata tuziache.

Vijana tunapenda makofi, jamani. Tunaonyesha siku kifaa kilipofanya kazi, tunaficha kwa nini hakikununuliwa. Acheni! Kajiulize swali la yule mama kabla hajakuuliza yeye. Jiulize tena.

Kwa hiyo mdogo wangu, slaidi ya kwanza weka ramani. Chora duara ndege inapozunguka, andika ni anga ya nani. Ile picha ya pua ije baadaye.