Kabla ya kununua projekta, likague darasa

Shule ikipata fedha, mara nyingi hukimbilia mashine. Inafungwa, inawashwa, na wanafunzi wa nyuma hawaoni kitu. Anzeni na chumba.

Ingieni darasani saa tatu asubuhi, mrudi saa tisa alasiri, muone jua linapiga wapi. Hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, tuko karibu na ikweta, hivyo shida huletwa na madirisha ya mashariki na magharibi. Ya kaskazini na kusini hutoa mwanga tulivu. Picha isitupwe kwenye ukuta unaopigwa na jua. Wekeni pazia zito madirisha ya mbele tu. Mkifunga yote, upepo wa ziwa hauingii, na chini ya bati watoto watasinzia kabla somo halijafika katikati.

Ukuta upakwe rangi nyeupe isiyong'aa, kwani rangi ya mafuta huacha doa la mwanga katikati ya maandishi. Kama dawati la mwisho liko mita 8 kutoka ukutani, picha iwe na upana wa mita 2 hivi, na ukingo wake wa chini uwe mita 1.2 kutoka sakafuni, usizibwe na vichwa vya walio mbele.

Adui mkubwa ni vumbi la chaki. Feni ya projekta hulivuta, chujio linaziba, joto linapanda, mashine inajizima yenyewe. Watu husema imeungua, kumbe imejikinga tu. Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu, chujio lisafishwe kwa brashi laini kila mwezi. Mnaoitumia jioni karibu na ufuko, wekeni wavu dirishani: wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga.

Mvua ikipiga bati, spika ya kompyuta haisikiki hata dawati la pili. Dari husaidia sana. Kama haipo, fungeni spika mbili katikati ya kuta za pembeni, si mbele.

Kompyuta za wanafunzi tunashauri zipangwe kuzunguka kuta, vioo vikitazama ndani. Mwalimu akisimama katikati anaona kazi ya kila mtu kwa kugeuka tu, na nyaya zinabaki ukutani, hazikwazi miguu. Zikipangwa safu kwa safu, anaona migongo ya mashine, na yule mtoto mpole kati ya watatu wanaogawana kompyuta moja anaweza kumaliza kipindi hajashika kipanya. Wabadilishane kila dakika kumi, kwa saa ya ukutani.