Gari la kulala Vumawimbi: mwanzo kwa sheha

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuegesha gari lako la kulala kwenye ufuo wa Vumawimbi, Pemba, siku mbili na watoto. Kabla hujatafuta kivuli, mtafute sheha, kiongozi wa serikali wa eneo. Mpe salamu, mweleze mko wangapi na mnaondoka lini. Gari geni likikutwa usiku bila taarifa, maswali hayaishi, na wenyeji wana haki ya kuuliza.

Sasa maji, hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Wanafika maji yamekupwa, wanaona mchanga mpana umekauka, wanashuka na gari mpaka chini. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni maji ya bamvu, yaani bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na huku tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita 4! Tazama mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bahari, kisha kaa juu yake kwa mbali. Mchanga laini nao humeza magurudumu, kwa hiyo baki kwenye ardhi ngumu yenye majani. Mnazi uuepuke, hata kama kivuli chake kinakuita. Nazi haipigi hodi.

Weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, sawazisha gari ndipo ufungue gesi. Maji ya kunywa jaza madumu kabla ya kuingia msitu wa Ngezi, ulio njiani kwenda ufuoni.

Kaskazi ikivuma sana, jaribu ufuo wa Verani, upande wa magharibi. Masika wacha kabisa, njia ni tope.