Makala nyingi, ushawishi uko wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nipo kwenye shirika la utafiti wa mazingira hapa Mafinga. Mfadhili anataka tuonyeshe ushawishi wa tafiti zetu. Tuna makala 14, na kuna jarida limetuandikia kwamba tukilipa litatutolea nyingine nne ndani ya wiki moja. Bosi anashawishika. Tufanyeje?

JIBU: Msilipe. Kabla makala haijatolewa kuna kazi ya kutafuta wahakiki, wasome, wahoji takwimu zenu, nanyi mrekebishe. Anayeahidi kumaliza yote hayo kwa siku saba anawauzia muhuri tu.

Kinachoniudhi ni hii imani kwamba ukiongeza makala umeongeza ushawishi. Chukua kipimo cha h, kinachotumika kupima ushawishi wa tafiti, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Shirika lenye h ya 6 lina makala sita ambazo kila moja imenukuliwa walau mara sita. Ongezeni nne zisizonukuliwa na mtu, h inabaki 6 ile ile. Hata ile alama ya jarida (impact factor, yaani wastani wa kunukuliwa kwa makala zake) ambayo majarida ya namna hii hujivunia, ikiwa ya kweli, hupima jarida, na kwa kawaida huhesabu makala za miaka miwili tu. Nani anajua ukuaji wa misindano ya shamba la miti la Sao Hill kwa miaka miwili?

Mtazameni kipunji, kima wa milima ya kusini mwa Tanzania. Wenyeji wa Rungwe walimtaja kabla watafiti hawajamwona mwaka 2003. Makala fupi ikatoka katika jarida la Science mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake (kundi lake la kibiolojia), Rungwecebus. Wanaochunguza vinasaba vya nyani wakaichukua mada hiyo wakaijadili kwa miaka. Huo ndio ushawishi.

Kwa mfadhili, andikeni nani ametumia kazi yenu: mpango wa msitu wa kijiji, sheria ndogo ya halmashauri, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji pale Iringa. Ombeni barua zao.

Nawaomba hasa wanafunzi wa uzamili, maana ndio wanaoliwa zaidi. Kabla ya kutuma chochote, mwandikieni mmoja wa wahariri waliotajwa na jarida. Wengine hawajui kabisa kwamba majina yao yamewekwa pale. Na makala ikishatoka kwa hao matapeli, jarida la maana halitaipokea tena. Siku tovuti yao ikizimwa, takwimu mlizokusanya msituni kwa misimu kadhaa huenda wasomaji wasizipate kokote.