Kitunguu saumu kinatoa majani tu

Dada, pole. Umesema punje ulizopanda kwenye ndoo hapo Dar zilitoa majani mazuri, lakini ulipong'oa ukakuta kitunguu kimoja cha mviringo, hakijagawanyika. Mbolea yako haina kosa, tatizo ni joto. Kitunguu saumu hutaka kupitia baridi ndipo kigawanyike punje, ndiyo maana kinastawi Mbulu kule milimani.

Jaribu hivi: chagua vitunguu vikubwa, viweke vizima kwenye friji (siyo kule kwenye barafu) wiki 6 hadi 8, uvitoe Juni joto likipungua na upande mara moja. Tenganisha punje siku hiyohiyo bila kuzimenya, uchague zile nene tu, ncha ikae juu, kina sentimita 3 hadi 5, nafasi sentimita 10 hadi 15. Maji yasituame kabisa, nakusisitiza hilo, maana punje huoza upesi. Majani ya chini yakianza kukauka, acha kumwagilia.

Vitunguu vikubwa kama vya Mbulu siwezi kukuahidi. Hicho cha mviringo usikitupe, kinalika, au ukipande tena. Majani mabichi nayo katia kwenye mchuzi. Mimi huyapenda kuliko punje zenyewe.