Mwalimu, nikishika daftari tu nasinzia

Darasa la saba wanafanya mtihani wao Septemba, kidato cha nne Novemba, na miezi inayotangulia hapo maswali ninayoletewa hapa Mwanza huwa na kilio kimoja: kusoma kunachosha. Haya ni matano.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, naishi Igoma. Historia nimeirudia mara tatu, kurasa zimejaa kalamu ya njano, lakini nikifunga daftari sikumbuki kitu. Tena kila nikianza nasinzia.

Marahaba mwanangu. Unasinzia kwa sababu macho yanafanya kazi, kichwa kimekaa tu. Ukirudiarudia kusoma, maneno unayazoea kama sura ya konda wa daladala unayopanda kila siku. Ukiulizwa jina lake, hulijui.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi. Wengine waliisoma mara mbili. Wengine waliisoma mara moja, ikaondolewa, wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao asilimia 42. Na mtihani wako hauko dakika tano zijazo.

Basi tafuta maboksi matatu ya viatu. Omba dukani makatoni matupu, kata kadi za ukubwa wa kiganja. Mbele andika swali, nyuma jibu. Kadi zote zinaanzia boksi la kwanza, nalo unalipitia kila siku. Ukipata jibu, kadi inapanda boksi la pili, linalofunguliwa kila baada ya siku tatu. Ukipata tena, inaingia la tatu, la mara moja kwa wiki. Ukikosa, hata kama kadi ilishafika la tatu, inarudi la kwanza bila huruma. Njia hii ilienezwa na Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970, na utamu wake ni kuliona boksi la kwanza likipungua.

Angalizo moja: usijaze kadi za miaka na majina peke yake. "Vita vya Maji Maji vilianza mwaka gani?" ni kadi ya sekunde mbili, 1905, imekwisha. "Kwa nini walianza kwa kung'oa pamba?" Hiyo ndiyo itakayokutoa usingizini.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kijana wangu wa darasa la saba namkuta na wenzake wanacheza karata, wanasema ni karata za masomo. Mimi niliishia la nne. Nitajuaje kama sidanganywi?

Nzuri mama. Vuta kigoda ukae karibu, sikiliza tu. Kama mtu anaweza kushinda bila kujibu swali, hizo ni karata kama karata nyingine. Kama hakuna anayeokota mpaka ajibu kwa mdomo, waache, wanasoma vizuri kuliko aliyejifungia chumbani na kitabu.

Na kuishia la nne kusikuzuie. Shika daftari lake wewe, soma swali, yeye ajibu, wewe linganisha na kilichoandikwa. Au mwambie, "Hebu nifundishe mimi." Akijikanyaga, wote wawili mmejua pa kurudia.

Tena unayo hesabu isiyo na mwalimu mwingine. Muulize: nimenunua ndoo ya dagaa kwa shilingi 20,000, nimeiuza 25,000, faida ni asilimia ngapi? Naapa kuna siku atakujibu 20, kwa sababu amegawa kwa bei ya kuuzia. Faida inapimwa kwa kile ulichotoa mfukoni, kwa hiyo ni 25. Hapo wewe ndiye unayesahihisha. Kesho badilisha: ongeza nauli ya mkokoteni, au robo ya ndoo iliyolowa mvua. Hesabu za kitabuni huja zimepangwa, kumi za aina moja. Sokoni zinakuja zimechanganyika, na kwenye mtihani ni hivyohivyo.

Mwalimu, sisi tuko wanne, Buhongwa. Tukikutana kujadili, dakika kumi za kwanza ni kemia, zinazobaki ni Simba na Yanga.

Na Pamba Jiji, timu yetu ya hapa Mwanza, mmeisahau? Haya, ushabiki wenu msiuue, utumieni. Wasukuma walijua jambo hili zamani: Bagika na Bagalu, vyama vyao viwili vya ngoma, wanashindana kwa kucheza, kila upande na dawa zake na madoido yake, na kwenye sherehe ya Bulabo kule Bujora unaona jinsi upinzani unavyomfanya mtu afanye mazoezi mwaka mzima. Gawanyikeni wawili kwa wawili. Kila upande uje umeandaa maswali kumi ya kuwakwamisha wenzao, na madaftari yafungwe.

Halafu yategeni kama vitendawili. Kitendawili! Tega. "Mchana natoka ziwani naingia nchi kavu, usiku natoka nchi kavu narudi ziwani." Ni upepo, na jibu peke yake halitoshi: aseme kwa nini. Ardhi hupata joto na kupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo mchana hewa ya nchi kavu hupanda na ya ziwani huja kushika nafasi yake, usiku kinyume. Aliyeshindwa anatoa mji, kama ilivyo desturi. Mji wenu uwe adhabu yenye faida: kesho yake yeye ndiye anayewafundisha mada hiyo.

Mimi nilipokuwa mwanafunzi tulikuwa tunatoa mji wa Bukoba kila siku, mpaka jamaa mmoja akalalamika kwamba Bukoba nzima imekuwa yake.

Shikamoo. Mimi ni wa Ukerewe, kidato cha pili. Mwalimu akieleza kwa Kiswahili naelewa kabisa, lakini mtihani ni wa Kiingereza. Nimeanza kukariri tu.

Marahaba. Hili si kosa lako, na walio wengi wanaliona haya. Usianze na Kiingereza. Kaa ufukweni na mdogo wako, mweleze kwa Kiswahili au Kikerewe kwa nini wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kali: taa huwavuta dagaa, na mwezi ukiwaka taa inapoteza nguvu. Mweleze nani anamla nani: dagaa anakula vijidudu vya majini, sangara anakula dagaa na furu, na tangu sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950 furu wa aina nyingi wametoweka. Umeshapata somo zima la baiolojia.

Ukimaliza, funga mdomo, andika sentensi tatu za Kiingereza bila kuangalia popote. Zitakuwa mbovu. Ndipo ufungue kitabu urekebishe kwa kalamu nyekundu. Sentensi uliyoikosea mwenyewe ukairekebisha hukaa kichwani kuliko ukurasa uliokaririwa.

Mwalimu, kukesha na kusoma huku nasikiliza muziki vinafaa? Kijana, Nyegezi.

Kukesha, hapana. Ubongo hupanga ulichojifunza ukiwa umelala, ukikesha unaunyang'anya kazi hiyo. Muziki wenye maneno uzime unaposoma au kuandika insha. Ukiwa unakata kadi au unachora ramani ya ziwa, uwashe hata singeli. Ila muziki utoke kwenye redio ya bibi, simu muachie yeye chumbani kwake.