Mkate bila hamira: tuuokee kwenye nini?

Tangu niandike kuhusu mkate wa ndizi unaoumuliwa kwa bekingi pauda, maswali yanayonifikia karibu yote ni ya chombo. Nimechukua matano.

Shikamoo mama. Trei ya mkate sina, ila makopo ya maziwa ya unga ninayo. Yanafaa? (Arua)

Marahaba, mwanangu. Kwa mkate wa mvuke kopo la gramu 400 linaishinda trei, maana ni jembamba na joto linafika katikati kutoka kila upande. Kule Boston, Marekani, wana mkate wa kahawia wa unga wa mahindi, ngano na rai ambao tangu zamani hupikwa kwa mvuke ndani ya makopo ya kahawa.

Ila angalia mdomo wake. Makopo mengi ya maziwa yana ukingo uliokunjwa kwa ndani, na mkate ukishaumuka unanasa hapo. Uondoe kwanza kwa kifungua kopo. Ukisahau, subiri mkate upoe, kata kitako, usukume utoke. Mchanganyiko usizidi theluthi mbili za kopo. Funika kwa foili mbili ufunge kwa uzi, la sivyo matone ya mfuniko yataulowesha mkate juu.

Kopo lenye utando wa rangi kwa ndani liache, tafuta la bati tupu. Na lililobeba rangi ya nyumba au dawa ya shamba halifai hata ulioshe mara kumi.

Sisi tunapopika kwa mvuke tunafunika kwa kaveera, mifuko ya plastiki. Na mkate je? (Mukono)

Hapana, na hata hicho chakula kingine nakuomba uache. Kaveera za dukani hazikutengenezwa kukaa kwenye mvuke wa saa nzima, na kinachotoka humo kinaingia kwenye sahani za watoto. Inaniuma kuona hivyo katika nchi ambayo mgomba uko nyuma ya nyumba.

Chukua jani zima, changa kidogo, lipitishe juu ya moto mpaka rangi ikolee na lilegee, kisha uparure uti wake kama unavyofanya kwa luwombo, ule mchuzi unaopikwa kwa mvuke ndani ya jani. Panga mawili kwa kukingamana ndani ya sufuria ndogo au bakuli la bati, ili moja likipasuka la pili lizuie. Mimina mchanganyiko, kunja ncha juu, funga kwa ukambaa. Kitakoni mwa sufuria kubwa panga vikonyo vya majani, kama unavyopika matooke (ndizi za kupika), na chombo chako kikae juu yake. Mkate hautagusa bati, hautahitaji siagi ya kupaka, na utatoka na harufu ambayo karatasi ya kuokea haiwezi kuutia. Mimi hata nikiwa na trei nzuri bado natandika jani.

Kitabu kinasema saa moja na nusu, lakini kwangu katikati hubaki mbichi. Nakosea wapi? (Kabale)

Hujakosea, dada, ni mlima. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 pwani, kwenu karibu mita 2,000 juu ya bahari yanachemka kwa kama 93. Hapa Kampala ni kama 96. Mvuke wako una joto pungufu, basi ongeza nusu saa kabla ya kuchoma kijiti, na gawa mchanganyiko kwenye makopo mawili madogo badala ya moja kubwa. Maji yakipungua, ongeza yaliyokwisha kuchemka.

Nataka kuoka kwenye sigiri kwa sufuria ya Katwe, ile ya alumini chakavu inayoyeyushwa na mafundi wa Kampala. Inawezekana? (Bombo)

Inawezekana sana. Sufuria kubwa tia mchanga mkavu, upashe moto dakika kumi na tano, weka ndani chombo cha mkate, funika, kisha hamishia makaa mengi juu ya mfuniko na machache yabaki chini. Wengi wanafanya kinyume, ndiyo maana chini kunaungua.

Tahadhari moja: alumini iliyoyeyushwa kutoka vyuma chakavu inaweza kuwa na madini ya risasi. Watafiti waliopima sufuria za namna hiyo Cameroon waliyakuta. Ukiwa na sufuria ya aina hiyo, iwe ya nje, ya mchanga. Unga wenye maziwa mgando au ndimu usiguse alumini hiyo, kwa sababu uchachu huyatoa madini. Tandika jani, au tumia chombo cha chuma cha pua.

Tumpeco, kile kikombe kikubwa chenye mkono, je? (Jinja)

Ya bati, ndiyo, kama enameli haijabanduka ndani. Ya plastiki, hapana. Inabeba nusu lita, kwa hiyo tia mchanganyiko wa mililita 330 hivi. Mkono wake utakusaidia kuitoa kwenye maji ya moto.